Wamemwita Akoth

Ijumaa, 3 Machi 1972

Apiyo amechelewa na samaki. Saa tano! Makuli wa bandarini wanagonga meza na mimi nina ugali bila mboga. Nimewapa maharagwe. Wamekula wamenuna.

Alipofika hakuomba hata samahani. Kichwa chake kimejaa habari. Kuna mwanamke ametoka Uganda, Mwacholi. Bwana yake alikuwa jeshini, wanajeshi wenzake wamemmaliza. Amevuka mpaka kwa miguu, mtoto mgongoni. Mama Dorca, mkubwa wa akina mama wa kanisa, amemchukua kwake Kaloleni.

Nikasema maskini, pole yake. Nilisema kwa moyo kabisa.

Kisha Apiyo akaanza kucheka, akapiga makofi. Yule mwanamke anaongea kama wao Wajaluo! Maji anasema pi. Moto, mach. Samaki, rech! Jina lake Lakot, maana yake mvua. “Sisi tumemwita Akoth,” akasema.

Tumemwita! Siku mbili mjini na ana jina tayari. Mimi niko Kisumu mwaka wa nane. Nilikuja na mume wangu Walubengo alipopata kazi karakana ya reli, na tangu siku hiyo nanunua samaki kwa Apiyo, nimemzalisha mtoto mmoja kwa mikono yangu hii. Pale Dunga kwa wavuvi mimi bado ni nyar mwa. Binti wa watu wengine. Wanasema bila ubaya, wakicheka. Lakini ndilo wanalosema.

Jumapili, 5 Machi

Leo nimemwona. Mrefu. Mweusi wa kung'aa, shingo ndefu, gauni la Mama Dorca linamfikia magotini. Mtoto wake halii. Anatazama tu.

Baada ya ibada nikamwendea, nikampa mkono. “Pole, mama,” nikasema. “Pole kwa safari. Karibu Kisumu.” Kiswahili changu ni kizuri, kila mtu anasema. Akanitazama. Hakujibu! Aliurudisha mkono wake polepole, akageukia kwa Mama Dorca.

Mkimbizi wa kujivuna—ndiyo mara yangu ya kwanza kuona.

Halafu mkutano wa akina mama. Huwa wanaongea Kijaluo, na Agneta anayeuza uji hukaa karibu nami ananifasiria sikioni. Leo Agneta alisahau. Aliinama mbele amsikie mgeni, mdomo wazi. Wote walikuwa hivyo. Mgeni anasema, wanaitikia, wanafuta machozi, wanacheka, wanafuta tena. Mimi nimekaa kama mlingoti. Neno moja tu nimelishika: simsim.

Nje ndio Agneta akaniambia kwa ufupi. Akoth anajua kupika. Wameamua wamjengee kibanda auze chakula. Wapi? Barabara ya bandarini. Pale nilipo mimi? “Mahali ni pakubwa, Mama Wakhisi,” akasema.

Jumatano, 8 Machi

Nimemwambia Walubengo. Amesema: wewe una hoteli, yule ana nini?

Wanaume! Nani alinijengea mimi? Hizo nguzo nilizibeba kichwani na Wakhisi akiwa tumboni. Meza nimegongelea mwenyewe kwa mbao za makasha ya reli, na msumari ukanipasua kidole, alama iko. Sikutoka vitani, ni kweli. Kwetu Kimilili hakuna aliyefukuzwa. Kwa hiyo mtu asipofukuzwa hasaidiwi?

Jumamosi, 18 Machi

Wamejenga. Siku moja! Asubuhi ilikuwa majani matupu, jioni mabati yanang'aa. Wanaume wa Dunga wamekuja na nguzo, Ouma, mume wa Apiyo, juu ya paa anagonga misumari, akina mama wanakanda udongo wakiimba. Harambee kabisa.

Ng'ambo ya barabara. Mlango wake unatazamana na wangu.

Na nani aliwapikia chai? Mimi! Mama Dorca alikuja akitabasamu, akasema mchango wangu uwe chai na mandazi kwa wajenzi. Ningesemaje? Wamekula mandazi yangu huku wakimpigilia paa.

Lililonichoma zaidi ni sufuria. Ile kubwa ya Apiyo, ya mama mkwe wake. Krismasi niliiomba siku moja tu, akakataa, akasema marehemu alikataza isitoke nyumbani. Leo imetoka. Apiyo mwenyewe ameibeba kichwani kutoka Dunga, akaiweka juu ya mafiga ya Akoth, akaipigapiga kama mgongo wa mtoto.

Marehemu amebadilisha mawazo.

Jumatatu, 20 Machi

Amefungua.

Harufu ilivuka barabara kabla ya saa nne. Samaki mkavu ndani ya rojo ya simsim. Nilisimama na mwiko mkononi nikajua mara moja—chinuni, simsim ya kwetu! Kukhu, bibi yangu, alikuwa akisaga hiyo hiyo, mimi nikipuliza maganda. Kwetu iko. Imekuwa kwetu siku zote! Miaka minane ninawapikia watu wa hapa vitu nilivyofikiri watu wa mjini wanataka, mandazi na maharagwe, na nilikuwa nayo kichwani, bure, sikuitoa. Sasa nikiitoa watasema nimemwiga.

Walter, karani wa bandari, mkaa benchi langu, mteja wangu tangu zamani, amevuka barabara. Alirudi kwangu kunywa maji! Amesema, “Mama Wakhisi, nilikuwa naonja tu.”

Jumanne, 21 Machi

Walter ameonja tena.

Jumapili, 2 Aprili. Pasaka

Kila Pasaka Apiyo na Ouma huja kwetu. Mimi kuku, yeye samaki, ngege mkubwa wa kukaanga, watoto chini ya meza. Mwaka huu ametuma salamu: anakula kwa Mama Dorca, maana Akoth hana mtu.

Hana mtu! Kanisa zima liko naye.

Walubengo amekula kuku mpaka akalegeza mshipi. Nyama ikabaki. Akasema, mpelekee yule mama. Nikasema hiyo ni ya paka.

Akanitazama muda mrefu. Hatuna paka.

Ijumaa, 7 Aprili

Walubengo amerudi kazini ananukia simsim. Alioga, akapiga mswaki, akaja kukaa. Simsim haifichiki. Nikamuuliza umekula wapi leo. Akasema, na wenzangu. Wapi? Pale pale. Kidogo tu.

Nimempa ugali na maji ya moto. Akala akamaliza. Mtu mwenye makosa hula vizuri.

Alhamisi, 13 Aprili

Bwana afya wa Munisipali amekuja kukagua. Kijana msafi, soksi zimepanda mpaka magotini. Ametazama maji, amefunua sufuria, ameinama chini ya meza, amesoma laiseni yangu ukutani. Kila kitu sawa. Ananisifu. Anatoka.

Nami nikasema.

Nilimuuliza kama amekagua ng'ambo pia. Akasema ng'ambo wapi, hana habari ya mtu ng'ambo. Nikasema labda laiseni yao iko njiani. Akasema, hawana? Nikasema mimi sijui mambo ya watu. Mimi nina yangu tu.

Sikusema uongo. Nimerudia kila neno kichwani na hakuna la uongo hata moja.

Alipotoka alipita kwa Agneta akanywa uji, wakaongea kidogo, akaenda zake. Hakuvuka. Labda amesahau.

Ijumaa, 14 Aprili

Hakusahau.

Lori la Munisipali lilikuja saa saba, watu wamejaa. Askari wawili na vibarua. Wakateremka wakapaza sauti, tokeni, tokeni! Makuli wakainuka na sahani mkononi. Walter aliendelea kula amesimama.

Lakot hakubishana, hakulia. Alipoona lori tu aliangusha mwiko, akamvuta mtoto kifuani, akachuchumaa nyuma ya ukuta mikono juu ya kichwa. Akakaa hivyo mpaka mwisho. Walitoa mabati, walitoa benchi, walirusha sufuria ya Apiyo ndani ya lori ikalia kama kengele. Rojo ikamwagika barabarani. Askari mmoja, mzee, alimwambia kwa upole inuka mama, hakuna anayekupiga. Hakuinuka. Ni Agneta aliyemwinua.

Wateja wakavuka kuja kwangu. Nimesonga ugali mara mbili. Chakula kimeisha chote.

Nimengoja kufurahi tangu saa saba. Sasa ni jioni.

Jumamosi, 15 Aprili

Apiyo amekuja bila samaki. Macho mekundu. “Kuna mtu amemsema,” akasema. “Bwana afya haoni kitu bila kuonyeshwa. Mtu wa hapa hapa.”

Nikasema hata mimi nashangaa.

Kisha akaniomba. Akoth anatakiwa ofisini Jumanne kujieleza, hajui Kiswahili, na Apiyo mwenyewe Kiswahili chake kinaishia sokoni. Mimi nimesoma. Mimi nina laiseni, najua maneno yao. Niende naye. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, “Tafadhali, nyaminwa.”

Nyaminwa! Dada yangu, mtoto wa mama yetu. Miaka minane nimengoja neno hilo bila kujua kwamba nalingoja. Na amelitoa leo. Na amelitoa kwa ajili ya yule.

Nikasema nitaenda.

Jumanne, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Tulienda watatu na mtoto. Apiyo akabaki verandani na mtoto, maana ofisini walitaka mwenye kesi na mfasiri tu. Tukakaa, Lakot upande wangu, macho chini, magoti pamoja kama msichana wa shule. Bwana afya akaingia na soksi zake. Aliponiona akatabasamu.

“Aa, Mama Wakhisi! Si ndiwe uliyeniambia huyu hana laiseni? Leo umemleta mwenyewe! Vizuri sana. Wote wangekuwa kama wewe.”

Masikio yangu yalizibika. Nikageuza kichwa pole pole, nikamtazama Lakot. Hakutikisika. Anatazama sakafu, kidole chake kinazunguka kitufe cha gauni. Nikakumbuka—hajui Kiswahili! Mungu wangu, nikashukuru. Mlango umefungwa, Apiyo yuko nje. Sijawahi kushukuru ujinga wa mtu kama leo.

Nikafasiri kwa vidole na maneno machache ya Kijaluo niliyo nayo. Nilimjibu bwana afya kwa niaba yake, huku Lakot akinijibu kwa kichwa tu, ndiyo, hapana. Bwana afya si mtu mbaya. Alisikiliza habari ya Uganda akaweka kalamu chini. Amesema sufuria zitarudishwa. Ombi la laiseni amelipokea. Lakini mpaka lipite hawezi kupika barabarani. Apike ndani ya jiko lililokaguliwa.

“Lako limepita,” akaniambia. “Lina nafasi?”

Ningesema nini? Nikasema lina nafasi.

Apiyo aliposikia aliruka pale verandani. Alinikumbatia mpaka nikanuka samaki.

Alhamisi, 20 Aprili

Siku yake ya kwanza jikoni kwangu. Kabla ya jua kupanda amehamisha figa langu moja. Kidogo tu, upande wa upepo. Moto unawaka vizuri zaidi. Hilo ndilo linaniudhi.

Jumatatu, 24 Aprili

Kuli mmoja amemuuliza mwenzake, leo tule wapi. Mwenzake akasema, kwa Akoth.

Kwa Akoth! Laiseni ina jina langu. Meza zina damu ya kidole changu.

Na Wakhisi, mwanangu wa tumbo, ambaye kwangu hali mboga mpaka nichukue kiatu, leo nimemkuta amekaa chini karibu na yule, mdomo wazi kama kifaranga, analishwa majani yenye rojo kwa vidole. Nikamwita. Akasema, ngoja mama, bado natafuna.

Ijumaa, 28 Aprili

Apiyo huleta samaki mapema siku hizi. Hachelewi hata siku moja. Zamani alikuwa anashusha kikapu, tunakunywa chai mimi na yeye, ananisema na mimi namsema. Sasa anashusha kikapu na moja kwa moja wanaanza, Kijaluo na Kiacholi kama mito miwili imekutana. Wanacheka. Jikoni kwangu! Nikauliza, mnacheka nini? Apiyo akafuta macho, akasema, “Aa, haifasiriki, Mama Wakhisi.”

Nyaminwa imeisha. Ilikuwa ya siku moja.

Alhamisi, 4 Mei

Lazima niandike.

Mchana, watu wamepungua. Lori la mizigo limesimama nje, dereva na taniboi wake wamekula. Dereva mnene, amelewa kidogo. Lakot alipokwenda kutoa sahani dereva alimshika kiganja. “Wewe, kuja hapa,” akasema. “Mrembo, kuja hapa.” Nikachukua mwiko, nikaanza kwenda.

Sikufika. Lakot alisema, wazi kabisa, sauti ya chini:

“Toa mkono. Mimi nasema mara moja tu. Toa mkono yako.”

Kiswahili!

Si Kiswahili cha kujifunza wiki hii. Kiswahili cha kambi ya jeshi, kigumu, cha amri. Dereva akaachilia kama ameshika kaa la moto. Akaita taniboi wake, wakaondoka, hata chai hawakumaliza.

Nimebaki nimesimama na mwiko hewani. Yeye akarudi kwenye jiwe lake akaendelea kusaga simsim.

“Unajua Kiswahili,” nikasema.

“Najua. Mimi nimekaa kambini na bwana yangu miaka mingi. Kambini watu wote nasema Kiswahili.”

“Tangu ulipokuja?”

“Tangu zamani.”

“Basi kanisani—mimi nilikusalimia!”

Akasimamisha mikono. “Wale watu walikuja kwa mlango yetu,” akasema. “Walibisha vizuri. Walisema, pole mama. Pole kwa kusumbua, tunataka bwana kidogo tu, atarudi. Kiswahili mzuri kama yako. Pole, mama.” Akachukua simsim nyingine akaimwaga juu ya jiwe. “Na wewe pia ulikuja na mkono, ukasema, pole mama. Mdomo yangu ilikataa. Mpaka leo ilikataa.”

Nikauliza swali nililoliogopa, maana kutouliza kulikuwa kubaya zaidi.

“Na kwa bwana afya?”

“Nilisikia.”

Anasaga. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma.

“Ulisikia yote?”

“Yote.”

“Mbona hukumwambia Apiyo?”

Akakusanya rojo kwa kiganja. “Kwetu, mtu akisemwa kwa wakubwa, yeye harudi,” akasema. “Mimi nilisemwa, nikarudi. Na nilikuwa nataka jiko.”

Basi. Hakunitukana, hakulia, hakuniambia amenisamehe. Akaniomba maji ya kulainisha rojo. Nikampa.

Wiki mbili amekuwa jikoni mwangu anajua! Kila asubuhi nilipomsalimia kwa kichwa kama bubu, alijua. Nilipomnung'unikia kwa Kiswahili nikidhani naongea na ukuta—niliyosema juu ya shingo yake! Juu ya mtoto wake!—alisikia kila neno na akaendelea kuosha sahani.

Angenipigia kelele tungekuwa sawa. Angenimwagia rojo ya moto. Kwa nini hata hili apate yeye—hata kunyamaza? Mimi nina ulimi mrefu na yeye ana kimya. Ningepewa nafasi ningechukua chake.

Ijumaa, 5 Mei

Tumefanya kazi bega kwa bega. Kaninyooshea bakuli la nyanya kabla sijaliomba.

Sijamwambia Walubengo.

Jumapili, 7 Mei

Kumbe walikuwa wanatafuta mtu, na wamempata. Agneta.

Kuna aliyemwona akiongea na bwana afya siku ile. Ni kweli, nimeandika mwenyewe, bwana afya alikunywa uji kwake. Inatosha! Wiki nzima hakuna mwanamke wa kanisa aliyenunua uji wake. Apiyo akipita anatazama ziwa. Leo kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili.

Mkutano ulipoanza akahama akaja kukaa karibu nami, kama zamani, kunifasiria. Mama Dorca akasimama, akasema kwa ukali nisioujua kwake. Na Agneta akaniinamia sikioni, sauti yake inakatika, akanifasiria neno kwa neno, hakuruka hata moja:

“Anasema, kuna mtu kati yetu ana ulimi wa nyoka. Anasema, huyo mtu alikula na sisi. Anasema, yeye anajijua.” Kisha akafuta macho kwa leso. “Anasema, watu wasimnunulie.”

Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari mpya.

Nilimtafuta Lakot kwa macho. Alikuwa ananitazama, mtoto magotini. Si kwa hasira. Ananitazama kama mtu anayengoja sufuria ichemke.

Nilipofika nyumbani nilimpiga Wakhisi kwa kosa dogo. Walubengo akamchukua, akatoka naye nje.

Jumanne, 9 Mei

Naandika stoo, juu ya gunia la unga. Wao wako jikoni. Ukuta ni mabati tu.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Apiyo amekuja na furaha mbili. Kwanza, laiseni ya Akoth imepita! Jumamosi wanajenga tena, safari hii na sakafu ya simiti. Pili, leo saa tisa akina mama wanakwenda kwa Agneta. Watamwambia atoke kwenye chama, na achukue uji wake aende Katito au Awasi, popote, lakini si barabara hii. Agneta ana watoto wanne na mama kipofu. Nilisema hivyo. Nilisema angalau hivyo. Apiyo akasema, hakuwafikiria alipomsema Akoth.

Kisha akafunga mikono, akageuka kwangu.

“Lakini wewe ndiye uliyeingia ofisini,” akasema. “Mama Dorca anataka hakika kabla hatujaenda. Huyo bwana afya hakutaja jina?”

Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini. Naapa sijui. Nadhani ningesema hakutaja.

“Alitaja.”

Ni Lakot. Kwa Kiswahili. Apiyo aliangusha samaki. “Akoth! Wewe unajua Kiswahili?”

“Najua kidogo. Huyo bwana alitaja jina. Si Agneta.” Aliendelea kukoroga, hakuinua macho. “Mama Wakhisi alikuwa hapo. Yeye atakwambia.”

Apiyo akanitazama. Uso wake ulikuwa safi kabisa. Hakuwa amefikiria hata kidogo! Alikuwa anangoja nimpe jina la mtu, kama mtu anavyongoja chenji. Mimi nikasema—kitu gani nilisema! Nikasema chumvi imeisha, ngoja nichukue stoo.

Chumvi iko hapa mbele yangu. Nimeshika kalamu.

Angeweza kusema mwenyewe. Neno moja tu! Ana haki, na Apiyo angemwamini yeye kuliko mimi. Badala yake ameniachia mimi, kama mtu anayekuachia nafasi kwenye benchi. Nani alimfundisha hivyo? Mimi sikufundishwa. Ningekuwa yeye ningesema siku ile ile, palepale verandani, kwa sauti, na Apiyo angekuwa wangu peke yangu mpaka leo.

Apiyo anauliza, mbona anakawia? Nasikia vizuri, wanaongea Kiswahili wote wawili.

Lakot amesema, “Ngoja. Anakuja.”

Amesema kama mtu aliyeshaniona nikitoka. Mimi mwenyewe sijui kama natoka! Hata uhakika huo juu yangu anao yeye, mimi sina.

Mwiko umesimama.

Kuna hatua. Naona miguu ya Apiyo chini ya pazia, raba zake zimejaa magamba ya samaki. Hajaingia. Anangoja niseme.

Nimesema, ingia, Apiyo. Ingia, kaa hapa juu ya gunia, nikwambie jina.